Maji Yenye Majina Mawili

Iomhar alikuja mchana kweupe, kwa njia ya barabarani, amevaa suti yake ya kanisani siku ya Jumamosi. Kijiji kizima kilimwona. Bi Ciorstaidh, jirani ambaye tangu asubuhi alikuwa akianika shuka moja ileile, alimpigia kelele kutoka uani kwake:

"We Iomhar! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, bibi."

"Basi unakwenda kuposa. Suti haina sababu ya tatu."

Marsaili aliyasikia yote kutoka kwenye banda la kufumia. Miguu yake ikasimama juu ya pedali, mtambo ukanyamaza, na kitambaa cha sufu alichokuwa akikifuma tangu Jumatano kikabaki kimening'inia nusu. Alijifuta mafuta ya mtambo mikononi kwa aproni, akajishika mashavu. Yalikuwa ya moto. Mwanamke wa miaka ishirini na minane, anayefuma kama mwanamume, aliyemlisha mama yake tangu baba alipofariki, leo anaona haya kama msichana wa shule.

Alitoka bandani akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Iomhar alikuwa tayari amesimama mbele ya jiko, kofia mkononi. Mama yake, Raonaid, alikuwa ameketi akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Habari za mchana, mama," alisema Iomhar.

"Salama."

"Nimekuja..."

"Najua ulichojia. Suti yako imeshasema."

Hakumkaribisha kiti. Katika kisiwa kile cha Lewis hata mtu aliyekuja kukudai hukaribishwa kiti na chai kwanza, kisha ndipo mgombane. Iomhar alilielewa hilo, akabaki wima. Macho yake yalimtafuta Marsaili, yakampata karibu na mlango, yakatulia pale kitambo kidogo tu, kama mtu anayegusa ukuta gizani kuhakikisha kwamba upo. Kisha akamgeukia mama.

"Nampenda Marsaili. Nimempenda tangu zamani, na wewe unajua. Nina nyumba aliyoniachia baba, nina kondoo, nina mikono. Nakuomba mwanao, mama."

Kisu cha Raonaid kiliendelea kuzunguka kiazi. Ganda lilishuka refu, halikukatika, likaangukia kwenye karai.

"Wa kwanza ulimchukua bila kuniomba," alisema.

Uso wa Iomhar uligeuka rangi ya majivu.

"Mama!" Marsaili alimaka.

"Mama nini? Nimesema uongo? Mbele yako hapa, na mbele ya Mungu, nimesema uongo?"

Katika jambo lile ukweli na uongo vilikuwa vimelala kitanda kimoja kwa miaka tisa.

Torcuil alikuwa kaka wa Marsaili, amemtangulia kwa mwaka mmoja, na rafiki wa Iomhar wa kufa na kuzikana. Vuli ile ng'ombe wachanga wa nyumba zote mbili walikuwa wametokomea nyikani. Iomhar alikutana na Torcuil kisimani akamwambia, "Mimi nitapandia upande wa mashariki. Tukutane Lochan Dubh." Lochan Dubh maana yake ni kijiziwa cheusi, na nyikani kule, juu ya udongo ule mweusi tunaoukata na kuuchoma jikoni, ni kijiziwa gani kisicho cheusi? Nyumba ya akina Iomhar waliita hivyo maji yaliyo chini ya kilima cha Cleit. Nyumba ya akina Marsaili maji hayohayo waliyaita ya Ajuza, na Lochan Dubh yao ilikuwa mbali zaidi, magharibi, ng'ambo ya pengo la vilima. Vizazi na vizazi kila nyumba iliishi na majina yake na hakuna aliyedhurika. Siku ile ukungu ukashuka. Kila kijana alikwenda kwenye kijiziwa cheusi cha nyumba yao, akamngoja mwenzake. Torcuil alipochoka kungoja alianza kumtafuta Iomhar kandokando ya maji, akakanyaga mahali ambapo watu wa kwetu hupaita jicho: majani mabichi mazuri juu, chini tope lisilo na mwisho, na ukilikanyaga linatetemeka kama jicho la mtu anayetaka kulia. Walimpata kesho yake.

Iomhar alizika, kisha akaondoka na meli za kuvua nyangumi kwenda bahari za kusini, kule kwenye barafu. Hakumuaga Marsaili. Alirudi majira ya kuchipua mwaka huu, baba yake alipofariki, na tangu hapo wawili hawa walikuwa wakitazamana kanisani zaburi nzima. Kisha wakaanza kusalimiana. Ulipofika msimu wa kukata udongo wa kuchoma, wakajikuta wanaukata kwenye ukingo mmoja, yeye akikata, Marsaili akiupanga ukauke, na hakuna mtu kijijini aliyeuliza kwa nini.

"Siku ile," Raonaid alisema sasa, kisu kikiwa kimetulia, "ulipita mbele ya mlango huu jioni. Unapiga mluzi. Mwanangu yumo majini, wewe unapiga mluzi. Nilikuwa hapahapa, nimekaa na viazi vyake. Unajua mluzi ule nausikia mara ngapi?"

Iomhar alifungua kinywa. Marsaili aliona wazi kwamba kulikuwa na neno mle, limefika hadi kwenye meno. Lakini alikifunga. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akavaa kofia, akatoka.

Marsaili alimfuata mbio. Alimpata nyuma ya lundo la udongo mkavu, mahali ambapo dirisha la Bi Ciorstaidh halifiki. Upepo ulikuwa ukimpeperusha tai begani.

"Ulitaka kusema nini mle ndani?"

"Hakuna."

"Iomhar, usinifanye mtoto. Ulitaka kumjibu."

"Ningemjibu angepata jambo jingine la kulilia. Ana ya kumtosha."

Marsaili alimshika kola ya koti, akamvuta karibu. Alinukia sabuni na sufu, na machoni pake kulikuwa na uchovu ambao hakuondoka nao kijijini. Huo aliuleta kutoka barafuni.

"Basi tuondoke," alimnong'oneza. "Meli ipo bandarini Stornoway. Twende Glasgow, twende popote. Nitafuma huko, wewe hutakosa kazi bandarini. Nichukue, Iomhar. Sina pingamizi."

Alimwona anavyotamani. Mkono wake ulipanda ukamgusa shavu, kidole gumba kikapita chini ya jicho lake polepole, na kwa muda Marsaili alidhani amekubali.

"Nilikimbia mara moja," alisema Iomhar. "Nilifika hadi mahali ambapo dunia inaishia, na kila asubuhi nilikuwa naamkia kwenye kijiziwa kilekile. Sikimbii tena. Wala wewe sikutoroshi kama kondoo wa wizi."

"Miaka tisa!" Sauti ilimponyoka Marsaili. "Miaka tisa sikupata hata salamu yako. Nimekataa wanaume wawili wazima, wenye meno yao yote. Leo nakwambia nichukue, unanipa heshima! Nitakumbatia heshima usiku?"

"Marsaili..."

"Nenda. Nenda kavue suti, utaichafua."

Alimsukuma kifuani. Iomhar akaenda, na Marsaili akabaki ameegemea lundo lile, akilia kwa hasira, kwa sababu alijua mwanamume yule alikuwa na haki, na hakuna kinachouma kama kupendwa na mtu mwenye haki.

Jikoni viazi vilikuwa vimeshainjikwa. Mama na binti walikula viazi na samaki wa chumvi bila kutazamana.

"Nitaolewa naye," Marsaili alisema hatimaye. "Ukipenda, usipende."

"Siku utakayoingia nyumba ile, mimi nitakuwa nimezika wawili."

"Basi zika, mama! Maana hapa ninapokaa unadhani naishi? Wewe ulipoteza mtoto, nimejua, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilipoteza kaka, na siku ileile nikampoteza na huyu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kunipa pole kwa yule wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimekufumia, nimekupikia, nimekukatia udongo. Sijakudai. Leo nadai."

Raonaid aliweka uma mezani. Aliinuka akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Jumapili ilipita kama zipitavyo Jumapili za kule, bila kazi, bila maji kuchotwa, mapazia yameshushwa nusu. Kanisani walikaa benchi moja, mama na binti, wakiimba kutoka kitabu kimoja. Iomhar alikaa nyuma yao. Marsaili alisikia sauti yake katika zaburi, nzito, ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine, na hakugeuka. Alipompa mama yake mkono kushuka ngazi za kanisa, aliuona mkono ule umekuwa mwepesi. Lini mama yangu amekuwa bibi kizee? alijiuliza, na hasira yote aliyokuwa ameiweka akiba kwa ajili ya jioni ikamwishia.

Jumatatu asubuhi alimkuta Raonaid ameketi kando ya mlango, amevaa mabuti ya mpira na koti la mvua la marehemu mumewe.

"Mwambie anipeleke," alisema.

"Akupeleke wapi, mama?"

"Unajua wapi. Wanaume walimleta amefunikwa. Walisema si mahali pa mwanamke. Nikakubali. Miaka yote hii sijui hata maji yaliyomchukua yanafanana na nini. Huyo alikuwa nao, anajua. Anipeleke."

Walikwenda watatu. Ilikuwa siku kavu ya Agosti, upepo wa kutosha kuwafukuza mbu wadogo, na nyika yote imefunikwa maua ya zambarau yanayofika kifundo cha mguu. Iomhar alitangulia na fimbo, akiichomeka ardhini kila palipoonekana kijani kupita kiasi. Raonaid alifuata nyayo zake, Marsaili nyuma ya mama. Walikwenda polepole sana. Kila mara Iomhar alikuwa akisema, "Hapa laini, mama," na mama akiguna.

Walipovuka lile pengo la vilima waliyaona maji chini yao. Marsaili, ambaye naye hakuwahi kufika tangu siku ile, alishangaa udogo wake. Ungerusha jiwe kwa nguvu ungelivusha ng'ambo. Majani yenye vichwa vyeupe kama pamba yalikuwa yakiinamiana ukingoni, na bata wawili walikuwa wakiogelea katikati bila haraka.

"Ndiyo haya?" aliuliza Raonaid.

"Ndiyo, mama."

"Madogo hivi?"

"Madogo hivi."

Alisimama akayatazama. Marsaili alitaka kumshika, Iomhar akamwashiria amwache.

"Alikuwa wapi?"

Iomhar alinyoosha fimbo kuonyesha upande wa pili, penye kijani. Raonaid aliketi juu ya jiwe, mikono mapajani.

"Sasa nijibu," alisema bila kugeuka. "Jumamosi ulikuwa na neno ukalimeza. Hapa hakuna viazi vya kuungua. Kwa nini ulipiga mluzi?"

Iomhar alivua kofia. Alimtazama Marsaili kama anayeomba asamehewe kwa atakalosema.

"Nilikuwa nampigia yeye, mama. Kule kwangu nilingoja mpaka nikalowa, nikasema Torcuil kaogopa ukungu, karudi nyumbani, yuko kando ya moto anakula. Nilipopita kwenu nikampigia, ule mluzi wetu, ili nimtanie. Yeye huwa anajibu kutoka ndani. Unakumbuka alivyokuwa anajibu."

"Nakumbuka."

"Nilisimama pale barabarani nikangoja. Nikampigia tena. Nikasema, basi leo amenuna. Nikaenda zangu kulala."

Raonaid alifumba macho.

"Na mimi nilikuwa ndani," alisema taratibu. "Nikasema, huyo Iomhar anamwita. Nikadhani mnachezeana, kwamba mko wote nje. Ndiyo maana sikutoka na taa mapema." Alivuta pumzi. "Kumbe wote tulikuwa tunamngoja ajibu."

Marsaili hakuweza tena. Alipiga magoti nyuma ya mama yake akamkumbatia mabega, uso wake ukazama katika lile koti kubwa lenye harufu ya baba. Raonaid aliupapasa mkono wa bintiye. Hakulia. Alikuwa akiyatazama maji.

"Haya maji nayo," aliuliza baadaye, "siku hizi yanaitwaje? Bado Lochan Dubh?"

Iomhar alisita. "Wachunga kondoo wanayaita ya Torcuil. Hata watoto wa shule."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Hakuna aliyewapa, mama. Ilitokea tu."

Marsaili alimjua mama yake, akangoja alipuke. Lakini Raonaid alitikisa kichwa chini na juu, mara nyingi, kama mtu anayepiga hesabu ndefu moyoni.

"Angalau hakuna atakayepotea tena," alisema. "Niinueni. Miguu imekufa ganzi."

Njia ya kurudi alichukua mkono wa Marsaili. Waliposhuka upande wa kwao, jua lilikuwa limetoka, na vijiziwa vilikuwa vimetapakaa chini kama vipande vya kioo kilichovunjika, vingine vikubwa kama uwanja wa kanisa, vingine si zaidi ya karai. Raonaid alisimama akaonyesha kimoja kwa kidevu.

"Ziwa lile mnaliitaje kwenu?"

Iomhar aligeuka, hakuamini kwamba ameulizwa yeye. "Lochan an Eich. La Farasi."

"Farasi gani? Sisi ni la Majani. Farasi hajawahi kufika huku."

"Babu alisema farasi mmoja alizama pale zamani."

"Babu yako alikuwa mwongo. Alimwambia mama yangu ana ng'ombe kumi na wawili, alipokwenda kuwaona, ni wanne na mmoja kilema."

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wenu wataliita nini?"

Marsaili alisimama. Iomhar alisimama. Raonaid aliendelea hatua mbili, kisha naye akasimama, akawageukia kwa ukali.

"Nauliza! Wataliita nini? La Farasi au la Majani? Maana mimi sitakubali nyumba moja mtoto huyu anakwenda huku, huyu anakwenda kule. Muamue leo. Na hilo la Ajuza mliamue. Yote, mpaka mlimani."

Kidevu kilimtetemeka Iomhar, mwanamume mzima aliyevua nyangumi bila kupepesa macho. Marsaili ndiye aliyejibu, machozi yakimtiririka hadi shingoni.

"Utachagua wewe, mama. Utawafundisha wewe."

"Basi la Majani," alisema Raonaid. "Lakini lile la Ajuza waliite mnavyotaka nyinyi. Sipendi jina lile. Linanikaribia mno."

Marsaili alicheka ndani ya kilio. Iomhar alisogea upande wake, na kwa mara ya kwanza mbele ya Raonaid aliushika mkono wake, vidole ndani ya vidole, akaubana mpaka ukauma. Marsaili hakuuondoa. Raonaid aliiona mikono ile, akatazama kando, mbali, kama mtu anayeangalia hali ya hewa.

Walipofika kwenye feadan, kijito chembamba kitokacho kijiziwa hadi kijiziwa, mvua za wiki iliyopita zilikuwa zimekijaza, na mawe ya kuvukia yalikuwa chini ya maji. Walipokuja, Raonaid alikivuka juu kabisa, kwa mzunguko mrefu. Sasa hakuwa na nguvu za kuzunguka. Alisimama ukingoni, akitweta, mkono kiunoni.

Iomhar alimpa Marsaili fimbo na kofia. Akapita mbele ya Raonaid, akampa mgongo, akachuchumaa.

"Panda, mama."

"Mimi? Wewe una wazimu? Ciorstaidh akituona nitahama kisiwa."

"Ciorstaidh haoni mpaka huku."

"Humjui."

Alisitasita. Upepo ulikuwa ukimpiga koti. Kisha mwanamke yule, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kulitamka jina la kijana huyu, alivua mabuti yake yaliyolowa tope, akamkabidhi binti yake, akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya Iomhar. Iomhar aliinuka naye taratibu, kama anayeinua kitu cha watu.

"Usiniangushe," alisema Raonaid.

"Sikuangushi, mama."

"Nakwambia tu."

Akaingia majini. Maji yalimfika magotini, yakamfika mapajani. Katikati ya kijito, pale mkondo ulipokuwa na nguvu, Marsaili alimwona mama yake akilaza shavu lake mgongoni pa Iomhar, na mabega yake yakaanza kutikisika, kilio kile ambacho hakikutoka kule kwenye maji ya mwanawe, wala makaburini, wala katika usiku wowote wa miaka ile yote, kikatoka sasa, kwa sauti, bila aibu, hadi bata waliokuwa majanini wakaruka.

Iomhar hakusimama wala hakugeuza kichwa. Alimshika vizuri zaidi, akaendelea kuvuka. Marsaili alikumbatia mabuti ya mama yake kifuani, akaingia majini nyuma yao.